Begi la laptopu na kicheza muziki: maswali yanayoulizwa sana Mtwara na Lindi

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila mara kwenye meza ya ufundi hapa Mtwara mjini. Wanaouliza ni wanachuo, walimu waliopangiwa vituo vya mbali, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) msimu wa minada ya korosho, na watu walionunua kompyuta mpakato yao ya kwanza. Begi na kicheza muziki huulizwa kwa pamoja kwa sababu wengi hununua vyote viwili siku moja, wakijiandaa kwa safari. Kabla sijajibu lolote huwa namuuliza mtu njia anayopita. Anayetembea kwa miguu kutoka Shangani hadi ofisini ana mahitaji yake, na mwalimu anayepanda bodaboda kutoka Kitangari ana yake, hata kama laptopu zao zinafanana kabisa.

Laptopu yangu ni inchi 15.6 na begi limeandikwa 15.6. Mbona haiingii?

Inchi hizo ni za kioo tu, zimepimwa kwa mshazari kutoka kona moja hadi nyingine. Kioo cha inchi 15.6 kina mshazari wa sentimita 39.6, lakini mwili wa mashine unaweza kuwa mwembamba au mnene, na ukingo wa kioo unaweza kuwa mpana au mdogo. Mashine za zamani zenye sehemu ya kuingizia sidii huwa kubwa kuliko za sasa zenye kioo hicho hicho.

Chukua futi ya fundi cherehani, pima upana, kina na unene wa mashine ikiwa imefungwa, uandike kwenye simu. Dukani pima ndani ya mfuko wa laptopu, usipime begi kwa nje. Ukiweza nenda na mashine yenyewe, ubishi unaisha hapo hapo.

Na begi kubwa kupita kiasi nalo ni tatizo. Laptopu ya inchi 14 ndani ya begi la inchi 17 inateleza huku na huku, na kila bodaboda ikipita kwenye shimo kona ya mashine inagonga. Nyingi ninazoletewa zikiwa zimelegea bawaba au zimepasuka kona zilikuwa zinacheza ndani ya begi.

Nitajuaje begi ni imara kabla ya kutoa hela?

Usianze na kitambaa, na usianze na nembo. Anza na mahali mkanda unapoungana na begi, juu na chini, maana pale ndipo mabegi mengi hufa. Geuza begi, angalia mshono wa hapo: unatakiwa uwe umeshonwa mraba wenye msalaba katikati, na ncha ya mkanda iwe imeingizwa ndani ya mshono wa begi, siyo kubandikwa juu ya kitambaa. Shika mkanda kwa mkono mmoja na begi kwa mkono mwingine, vuta kwa nguvu kidogo kidogo. Ukiona matundu ya sindano yanafunguka na mwanga unapita, rudisha begi kwenye ndoano yake.

Halafu zipu. Ifungue na kuifunga mara kadhaa, hasa pale inapokunja kona, kwa sababu kwenye mstari ulionyooka zipu zote ni nzuri. Ikikwama kwenye kona ikiwa mpya na begi halina kitu, fikiria itakavyokuwa begi likijaa. Wenye haraka huangalia kama imeandikwa YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934, na ni kweli zipu zake nyingi hudumu. Lakini jina hilo huigwa sana, kwa hiyo mkono wako uwe shahidi kabla ya maandishi.

Tatu, chini ya mfuko wa laptopu. Weka mkono ndani mpaka mwisho, kisha mkono mwingine chini ya begi kwa nje. Vidole vikikaribia kugusana, maana yake laptopu itakuwa inagusa sakafu kila utakapoliweka begi chini. Begi zuri lina mfuko unaoishia sentimita mbili au tatu juu ya sakafu ya begi, ukaning'inia. Wauzaji wengi hawakitaji kitu hiki, na kwangu mimi ni muhimu kuliko unene wa sponji ya mgongoni. Mtu anapotua begi kwenye sakafu ya saruji baada ya kazi ya kutwa, huwa halitui taratibu.

Kitambaa kije mwisho.

600D, 900D, 1680D: namba hizi zina maana gani?

Zinaeleza unene wa uzi. Mita 9,000 za uzi wa 600D zina uzito wa gramu 600, na za uzi wa 1680D gramu 1,680. Namba kubwa ni uzi mnene, na kwa kawaida kitambaa chake kinavumilia zaidi kusuguliwa. Begi la kila siku lenye 600D linafaa, ikiwa mishono yake ni mizuri. Kwa uzi unaolingana, nailoni huvumilia msuguano kuliko poliesta, na poliesta huvumilia jua kuliko nailoni. Kwa jua letu hili, anayefanya kazi nje asiidharau poliesta.

Onyo moja: namba hiyo inahusu kitambaa tu. Nimeona mabegi ya 1680D yaliyoshonwa kwa uzi dhaifu wa pamba. Kitambaa kilibaki kizima, mikanda ikang'oka.

Mimi napanda bodaboda karibu kila siku, Tandahimba hadi vijijini. Nichague lipi?

Begi la mgongoni, lenye mkanda mdogo wa kifuani, na lisiwe pana kuliko mabega yako. Mkanda wa kifuani unazuia begi lisiyumbe pikipiki inapokwepa mashimo, na mtu akilivuta haling'oki begani kirahisi. Ukiwa abiria, livae mbele, kati yako na dereva. Hapo hupokonywi kwa urahisi, na mkianguka kwa ubavu mgongo wako haukai juu ya mashine.

Vumbi jekundu la uwanda wa Makonde ni jingine hilo. Linaingia kwenye meno ya zipu, linaingia kwenye feni, linaingia kwenye matundu ya chaja. Tafuta begi ambalo zipu yake kuu imefunikwa na ulimi wa kitambaa, halafu laptopu iweke ndani ya kava la sponji kwanza, kisha ndani ya begi. Kila Jumamosi toa vitu vyote, geuza begi kichwa chini, likung'ute, na upitishe mswaki mkavu kwenye zipu. Ni kazi ya dakika chache, lakini feni ya mashine yako itakushukuru.

Na tafadhali, zima mashine kabisa kabla ya kuondoka. Kufunga kifuniko peke yake kunailaza tu, na mashine iliyolala inaweza kuamka ndani ya begi na kuanza kupiga joto bila hewa. Kama bado ina diski ya kuzunguka badala ya SSD, kutikiswa ikiwa inafanya kazi ndiko kunakoiua.

Naishi karibu na bahari. Chumvi inahusiana vipi na begi?

Inahusiana sana, na watu wa Mikindani na wa Lindi mjini wanajua jinsi bati na baiskeli zinavyoliwa. Zipu ya chuma na vibano vya chuma vya bei rahisi hushika kutu kwa hewa hiyo hiyo. Chagua zipu ya plastiki na vibano vya plastiki ngumu. Ukivuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, au upande wa Lindi ukivuka kwenda Kitunda, usiweke begi sakafuni, maana maji ya sakafu ile ni ya chumvi. Begi likirushiwa maji ya bahari, lisuuze kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo baada ya kutoa kila kitu, kisha lianike kivulini. Ukiacha likauke na chumvi yake, chumvi inabaki kwenye mishono na kuvuta unyevu kila usiku.

Pwani kuna kuvu pia. Begi lililofungwa kabatini miezi ya masika hutoa madoa meupe na harufu. Liache wazi. Vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja ndani ya boksi la viatu visitupwe, vinafaa kukaa kwenye mfuko wa laptopu, mradi watoto hawavifikii.

Muuzaji aliniambia begi haliingizi maji. Niamini?

Mwombe umwagie kifuniko kimoja cha maji juu ya kitambaa. Maji yakikaa kama matone, kitambaa kimepakwa dawa ya kuzuia maji. Hiyo inakutosha kwa manyunyu, kutoka stendi hadi nyumbani. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili ni habari nyingine: maji hupita kwenye mishono na zipu, siyo kwenye kitambaa. Begi lisiloingiza maji kweli huwa mishono yake imeunganishwa kwa joto na mdomo wake hukunjwa mara kadhaa kabla ya kufungwa.

Zamani wengi walifunika kwa rambo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019, njia nzuri ni kifuniko cha mvua chenye lastiki ukingoni, kinachokunjwa na kuwa kidogo kama ngumi. Au nunua koti la mvua pana kuliko mwili wako, begi ukalivaa kifuani ndani yake. Njia hii ya koti mimi naiamini zaidi, kwa sababu kifuniko huacha upande wa mgongoni wazi na maji hushukia hapo.

Kama maji yameingia hadi kwenye mashine, izime, toa chaja, igeuze juu chini na umpelekee fundi. Usiizike kwenye mchele. Mchele una vumbi na wanga, na hauvuti maji yaliyo chini ya kibodi.

Begi la ngozi linapendeza ofisini. Kwa nini langu limebanduka magamba?

Halikuwa ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa tabaka la plastiki, na joto na unyevu wa pwani huvunja tabaka hilo, litumike au likae kabatini. Ngozi halisi ukiikata ukingo unaona nyuzinyuzi, na bandia unaona kitambaa chini yake. Kwa mikoa yetu siwashauri watu kununua ngozi bandia hata ikiwa nafuu.

Lina tundu la USB pembeni. Linachaji simu?

Peke yake halichaji chochote. Ni waya tu unaotoka nje kwenda ndani. Wewe ndiye unayeweka pawabenki ndani na kuichomeka. Wengi wameongeza hela kwa ajili ya tundu hilo wakidhani kuna betri, na wamekuja kwangu wakilalamika kwamba "begi haliingizi chaji". Tena maji ya mvua hupitia hapo. Ukikuta begi zuri lisilo na tundu, chukua.

La mgongoni au la bega moja?

Laptopu ya inchi 15.6, chaja, daftari na chupa ya maji vinafika kilo 4 kirahisi. Ukitembea zaidi ya dakika kumi na mzigo huo, vaa mgongoni, mikanda yote miwili. La bega moja liwe la mtu wa gari au bajaji mpaka mlangoni. Kwa dada wanaotaka kutumia mkoba wao wa kawaida: inawezekana kabisa, ila mashine iingie kwanza kwenye kava la sponji. Kuifunga kwenye kanga kunazuia mikwaruzo tu, hakuzuii pigo la kuanguka.

Fundi cherehani anaweza kunishonea kava?

Anaweza, na mara nyingi linakuwa bora kuliko la dukani kwa sababu limekatwa kwa mashine yako. Nenda na sponji ngumu ya sentimita 1, kitambaa cha jinzi kwa nje na kitambaa laini kwa ndani. Vipimo ndipo mafundi wanapokosea, wanakata sawa na mashine halafu haiingii. Hesabu ni hii: upana jumlisha unene, kisha ongeza sentimita 1 ya nafasi, kina jumlisha unene, kisha ongeza sentimita 1. Mashine ya sentimita 36 kwa 25 yenye unene wa 2 inataka kava ambalo ndani, sponji ikishashonwa, ni 39 kwa 28. Sisitiza neno "ndani". Mdomo ufungwe kwa kifuniko cha kukunja chenye velkro. Zipu ya chuma iliyo wazi itakwaruza kifuniko cha laptopu kila unapoitoa.

Uzi uwe wa nailoni. Wa pamba unaoza kwa jasho.

Vipi mabegi ya mtumba?

Nayapenda. Begi la mtumba limeshajaribiwa: kama mikanda na zipu ni nzima baada ya miaka ya kutumika, lilishonwa vizuri. Asubuhi siku ya kufungua belo ndiyo siku yake. Kagua ndani ya mfuko wa laptopu kama tabaka la plastiki limeanza kunata au kumomonyoka, maana hilo halitengenezeki. Harufu ya uvundo hutoka kwa maji, sabuni na jua la asubuhi moja.

Naenda Dar es Salaam kwa basi. Laptopu niiweke wapi?

Mapajani au miguuni mbele yako, kilomita zote 560. Kwenye buti hapana kabisa, hata konda akikuhakikishia, kwa sababu kule magunia na ndoo hupangwa juu ya kila kitu na wewe huoni mlango ukifunguliwa Nangurukuru. Keria ya juu ni afadhali kidogo, lakini begi likidondoka basi linapofunga breki, linadondokea kichwa cha mtu. Miguuni pitisha mguu mmoja ndani ya mkanda, hasa ukitaka kulala.

Simu ninayo. Kicheza muziki cha nini?

Kama simu yako inakaa na chaji kutwa na unaishi penye umeme wa uhakika, huenda hukihitaji, na nitakwambia hivyo bila kuficha. Kinamfaa mtu ambaye simu yake ndiyo benki yake. Ukimaliza chaji kwa muziki, hela ya nauli iliyo kwenye simu nayo imefungwa. Mei 2024, mafuriko ya wakati wa Kimbunga Hidaya yalipokata barabara kuu maeneo ya Somanga, abiria walikwama njiani, na mtu aliyekwama namna ile anaitaka simu yake iwake ili awapigie nyumbani. Kifaa kidogo cha muziki kinaubeba mzigo wa kusikiliza, simu inabaki kwa kazi yake.

Wengine ni wanaosikiliza mawaidha au kwaya wakiwa shambani, wazee wasiotaka simu janja, na wanafunzi wanaorudia masomo ya lugha kwa kusikiliza.

Vipo vya aina gani?

Madukani utakutana na vitatu hasa. Kuna kidogo kisicho na kioo, cha kubana kwenye shati: bei ndogo, lakini huoni wimbo unaofuata. Kuna chenye kioo kidogo na vitufe, ambacho ndicho ninachowapendekezea wengi. Na kuna kiredio chenye spika yake, tundu la memori kadi na la flashi, kile unachokisikia kwenye mabanda ya korosho na kwenye mitumbwi. Kiredio kinafaa kazini na nyumbani, ila ndani ya basi kinakera wenzako.

iPod za mitumba bado zinapita. Ya kwanza ilitoka Oktoba 2001 ikiwa na GB 5, na Apple ilitangaza kuacha kuziuza Mei 2022. Kwa hiyo hata iliyo mpya kabisa ina umri wake, na betri yake pia. Halafu haikubali kunakiliwa nyimbo kama flashi, inataka programu maalumu kwenye kompyuta. Sauti ni nzuri, sikatai, lakini asiye na kompyuta asinunue.

Vyovyote utakavyochagua, kiwe na kitufe au swichi ya kufunga vitufe. Bila hiyo kitajiwasha ndani ya begi na utakikuta kimekufa chaji Mnazi Mmoja ya Lindi, safari ndiyo kwanza imeanza.

GB ngapi zinanitosha?

Wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida, 128 kbps, unakula karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni kama MB 4, hivyo kadi ya GB 16 inabeba nyimbo karibu 4,000. Kwa ubora wa juu, 320 kbps, kadi hiyo hiyo inabeba kama 1,600. Mawaidha na masomo yaliyorekodiwa kwa 64 kbps yanaingia zaidi ya saa 500. Usiuziwe GB 128 kwa sababu tu ni namba kubwa.

Nimeweka kadi kubwa, kifaa hakiisomi.

Vifaa vingi vya bei nafuu vinasoma hadi GB 32 tu, na vinataka kadi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32. Kadi za GB 64 kwenda juu hutoka kiwandani na mfumo mwingine, exFAT. Baadhi ya vifaa vinazikubali ukizipanga upya kwa FAT32. Windows mara nyingi haikupi chaguo hilo kwa kadi iliyozidi GB 32, ila programu ndogo za kufanya hivyo zipo na mafundi wanazo. Kumbuka kupanga upya kunafuta kila kitu.

Kama kadi inasomeka lakini baadhi ya nyimbo zimegeuka ukimya au mikwaruzo baada ya kuijaza, kadi ni feki: imeandikwa GB 64 na ndani ina nane, kinachozidi kinapotea. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza kadi kisha kuisoma yote na kukwambia ukweli. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa ukiijaribu. Kadi ya GB 16 ikionekana kama 14.9 kwenye kompyuta si feki, ni tofauti ya namna ya kuhesabu.

Nyimbo zinapiga ovyo, hazifuati mpangilio.

Vifaa vidogo hufuata jina la faili au mpangilio zilivyoingizwa kwenye kadi. Zipe namba mwanzoni: 001, 002, 003. Ziweke kwenye mafolda, kisha zinakili folda moja baada ya jingine. Kijana wa kurusha nyimbo mwambie hivyo mapema, maana wengi wanakili kila kitu kwa mpigo mmoja.

Na kuhusu kurushiwa nyimbo huko madukani: kazi za wasanii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa ajili hiyo. Msanii wako wa singeli au wa kwaya akiwa na mahali anapouza, nunua hapo.

Mawaidha niliyotumiwa WhatsApp hayapigi kwenye kifaa. Kwa nini?

Sauti zinazorekodiwa ndani ya WhatsApp huhifadhiwa kwa muundo wa Opus, na vicheza muziki vingi vya kawaida havijui muundo huo. Vinajua MP3, WAV na pengine WMA au FLAC. Zibadilishe kuwa MP3 kwa programu kama VLC au Audacity kwenye kompyuta. Kabla ya kununua kifaa, nenda na kadi yako yenye faili unazosikiliza kweli, uzijaribu hapo hapo dukani.

Nikichaji kwa chaja ya simu kitaungua?

Hapana. Chaja ya USB ya volti 5 inafaa, na kifaa huchukua umeme kinaouhitaji tu. Kinachowachanganya watu ni waya. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu vyenye tundu la USB-C havichaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Tumia waya wenye ile ncha pana ya zamani upande wa chaja, mara nyingi tatizo huisha.

Kwa wenye sola: usiunganishe kifaa moja kwa moja na paneli. Paneli iitwayo ya volti 12 hutoa volti 17 au 18 jua likiwa kali, na hiyo itakiua. Pitia tundu la USB la kidhibiti chaji. Na usikiache juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu joto ndilo linalovimbisha betri za lithiamu. Betri ikivimba, acha kukitumia na usiitoboe.

Bluetooth au waya?

Waya, kwa anayejali chaji na bei. Tena redio ya FM kwenye vifaa vingi hutumia waya wa hedifoni kama antena, ukiuchomoa stesheni zinapotea. Bluetooth inafaa ukitaka kuunganisha spika nyumbani. Hakikisha tu tundu la duara la milimita 3.5 lipo, na unapoweka kifaa ndani ya begi chomoa hedifoni kwanza. Ncha ikipindia mle tundu linalegea, upande mmoja unakufa.

Masikio je?

Hili naliomba kwa dhati, hasa kwa wazazi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kwa desibeli 90 muda salama unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Ndani ya basi watu hupandisha sauti ili kuishinda injini, na ndiko masikio yanakoumia bila mtu kujua. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri kwa vipande vya mpira zinazuia kelele za nje, hivyo huhitaji sauti kubwa. Ukishuka na kusikia mlio masikioni, ulizidisha. Dereva wa bodaboda asivae kabisa akiwa barabarani.

Nikipanda ndege Mtwara, vitu hivi vinaruhusiwa?

Ndiyo, kwenye mzigo wa mkononi. Kikomo cha kawaida cha betri ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Laptopu nyingi ziko chini yake, na kicheza muziki ni kidogo mno kukitilia shaka. Pawabenki haiingii kwenye mzigo wa chini ya ndege. Ya mAh 20,000 ina Wh 74, inapita. Ya 30,000 ina Wh 111, inahitaji ruhusa ya shirika la ndege.

Begi langu ni zima ila zipu inafunguka nyuma yake. Nitupe?

Usitupe. Mara nyingi meno ni mazima, kilicholika ni kile kichwa kinachotembea. Fundi viatu anaweza kukibana kidogo kwa koleo, pembe moja kisha nyingine, taratibu ili kisipasuke. Kikiwa kimelika sana anakitoa kwa kufumua mshono wa mwisho wa zipu na kuingiza kingine cha ukubwa huo huo, namba yake huwa imeandikwa nyuma: 5 kwa mifuko midogo, 8 au 10 kwa zipu kuu. Baada ya hapo pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno, fungua na kufunga mara kadhaa, futa mabaki kwa kitambaa kikavu. Ikiwa meno yenyewe yameng'oka, zipu yote hubadilishwa, na hapo mpe fundi zipu ya plastiki uliyoinunua mwenyewe, usiache akuchagulie.